Barua tatu: shajara ya mradi wa lugha wazi, Mombasa

Wiki ya 1, Jumatatu

Tumekubaliwa. Ofisi moja ya wadi imetupa karatasi tatu tuziandike upya: tangazo la kikao cha kutoa maoni kuhusu Mswada wa Fedha wa kaunti, ilani ya leseni za biashara, na barua anayopelekewa mzazi aliyeomba basari, yaani msaada wa karo, akakosa. Zote tatu ziko kwa Kiswahili. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemweleza mradi huu hudhani tunapambana na Kiingereza. Sivyo. Kiswahili chenyewe ndicho kizito. Mimi ni mfasiri wa makaratasi ya ofisi, na sentensi za namna hii zimepita mikononi mwangu miaka mingi. Nataka kuona kama naweza kuzifungua.

Tuko wanne. Mwalimu amestaafu, alifundisha Kiswahili shule za msingi za huku. Mama wa viungo anakaa Majengo na ana meza yake sokoni Kongowea. Ni mweka hazina wa chama chao na hesabu zake hazina hata shilingi iliyopotea. Wa nne ni kijana wa saiba, duka la kompyuta na kuchapa. Watu humjia na bahasha mkononi wanamwambia, "Nisomee." Anasoma, anaeleza, anajaza fomu, anapiga chapa. Wanamlipa ya kuchapa tu. Ile ya kueleza hakuna anayeihesabu, na ndiyo iliyo kubwa.

Wiki ya 1, Alhamisi

Mvutano wa kwanza umekuja hata kalamu hatujashika. Karani wa ofisi, dada mwenye subira sana na watu, alitusikia tukisema "lugha rahisi" akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Barua ya serikali ikiwa rahisi, si itaonekana rahisi?" Ana haki kuuliza. Kitu rahisi sokoni ni kile cha bei ya chini. Anaogopa kwamba barua isiyo na "kwa mujibu wa" haitatiiwa. Mwalimu akapendekeza "lugha wazi", na tumelichukua.

Lakini swali lake lilikuwa na jingine ndani yake, nalo ni heshima. Ukimwandikia mzee wa miaka sabini "Lipa kabla ya tarehe fulani", umemkaripia. Huku kwetu mtu mzima haamrishwi hivyo. Kumbe hizi "wananchi wanaombwa" na "wafanyabiashara wanatakiwa" zina kazi yake, zinalainisha. Ubaya ni kwamba zikilainisha sana msomaji hajui tena kama anaombwa au analazimishwa. Tumekaa juu ya jambo hili mpaka adhana ya Alasiri. Tumeamua tuyatenge: lililo lazima tuandike "ni lazima", lililo ombi tuandike "tunakuomba". Kwa hiyo: "Ni lazima ulipe kabla ya tarehe hii. Tunakuomba uje mapema, kwa sababu foleni huwa ndefu siku za mwisho." Mwalimu aliisoma kwa sauti mara mbili. Akasema hapo hakuna aliyekaripiwa na hakuna aliyefichwa.

Wiki ya 2, Jumanne

Leo sheria, ili tukiulizwa tumetumwa na nani tuwe na jibu. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaingia kwenye utendaji: ombi la habari unaweza kuliandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, ofisi ina siku 21 za kukujibu, na ikiwa hujui kuandika, afisa ndiye anayepaswa kuliweka ombi lako kwenye maandishi. Hata ubao wa matangazo umetajwa, katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, miongoni mwa njia za kuwashirikisha wananchi.

Nilimwonyesha kijana wa saiba kile kifungu cha afisa kumwandikia asiyejua kuandika. Akakirudia. Akasema, "Basi hii ndiyo kazi nifanyayo kila siku."

Wenzetu wa nje nao wamelihangaikia jambo hili la lugha wazi. Katiba yetu ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010; haikupita miezi miwili, tarehe 13 Oktoba, Barack Obama akatia sahihi sheria ya Marekani inayozitaka idara za serikali kuu kuwaandikia watu kwa lugha wanayoielewa. Mwaka 2023 kikatoka kiwango cha kimataifa, ISO 24495-1, chenye nguzo nne: msomaji apate anachokihitaji, akione upesi, akielewe, kisha aweze kukitumia. Ile ya nne ndiyo nimeiandika juu ya daftari letu. Kuelewa peke yake hakujamfikisha mtu popote.

Wiki ya 3, Jumamosi

Tangazo la kikao. Nitalieleza kwa kirefu kwa sababu limenikaa moyoni.

La mwaka uliopita liliandikwa: "Kikao kitafanyika kuanzia saa 9:00 hadi saa 11:00." Aliyeliandika alikuwa na saa ya Kiingereza kichwani, tisa ya asubuhi ya Wazungu, ambayo kwetu ni saa tatu. Hakuandika asubuhi wala mchana. Mswahili akiona saa 9:00 anasoma saa tisa, na saa tisa ni alasiri. Hakuna njia nyingine ya kuisoma.

Mama wa viungo aliisoma hivyo. Siku ile alifunga meza mapema, akakosa wateja wa jioni ambao ndio wake hasa, akapanda matatu, akavuka daraja la Nyali kurudi kisiwani, akapita nyumbani kuoga na kuvaa buibui safi, akafika ukumbini saa tisa kasorobo. Alikuwa amewahi. Akakuta vijana wawili wanapanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine na kuvipakia kwenye pikapu. Mmoja akamwambia, "Mama, kimeisha tangu asubuhi." Kikao kilikuwa cha kujadili, pamoja na mengine, ada ya meza za sokoni. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi ya daftari la mjukuu wake. Bado anayo, leo alitutolea tukaiona. Mistari sita, imepigwa mstari chini ya neno "mvua", kwa sababu upande wao paa linavuja na ada ni ile ile.

Ninachokifikiria ni taarifa ya kikao kile. Itakuwa imesema wananchi waliitwa na waliofika ni wachache. Kwenye karatasi ya ofisi, mama huyu ni mtu aliyeitwa akakataa kuja.

Tumeandika: "Njoo saa tatu asubuhi (simu yako itaonyesha 9:00). Tutamaliza saa tano asubuhi (11:00)." Saa kwa maneno, wakati wa siku, halafu tarakimu kama simu inavyozionyesha. Pia tumeondoa Ijumaa kwenye orodha ya siku zinazofaa, maana kikao cha asubuhi ya Ijumaa kikichelewa kuanza kinaingia kwenye sala. Na badala ya kuandika "wasilisha maoni yako" tumeandika, "Njoo utuambie: ada hizi unaziweza au huziwezi? Kwa nini?"

Wiki ya 4, Jumatano

Kongowea, kuanzia alfajiri, na ilani ya leseni ya zamani mkononi. Sentensi yake kuu naiweka hapa nzima, kama tulivyopewa:

"Kwa mujibu wa sheria husika, wafanyabiashara wote wanafahamishwa kwamba wanatakiwa kuhakikisha ya kuwa leseni zao zimehuishwa ndani ya muda ufaao, na kwamba hatua zitachukuliwa dhidi ya yeyote atakayekiuka agizo hili bila ya kutolewa ilani nyingine."

Maneno 35, pumzi moja.

Asubuhi tulikosea. Tulimpa mtu karatasi, akasoma, tukamuuliza, "Umeelewa?" Kila mtu alisema ameelewa. Watakosaje? Umemjia mtu kazini kwake, umemsalimia vizuri, ana wateja wamesimama. Kukwambia sijaelewa ni kama kukurudisha mlangoni. Mama wa viungo ndiye aliyebadilisha swali. Akauliza, "Sasa kesho utafanya nini?"

Hapo mambo yakafunguka. Muuza vitunguu akasema kesho hafanyi kitu, kwa sababu ilani inawahusu wenye maduka, yeye ana meza. Kijana wa maembe akasema atangoja aitwe. Bibi mmoja wa nazi, mkubwa kuliko sote, aliishikilia karatasi mbali na macho, akafika kwenye "zimehuishwa", akasimama. "Kuhuisha ni kazi ya Mungu," alisema. "Leseni imekufa?" Alikuwa na hakika na neno lake. Amelisikia maisha yake yote msikitini na kwenye darsa, Mwenye kuhuisha na kufisha. Aliyeliweka kwenye ilani alilitoa kwenye kamusi. Pale sokoni leseni hulipiwa. Inaisha, unalipia nyingine.

Tumeondoka na swali la Mama kama chombo chetu cha kupimia. Hatutauliza tena kama mtu ameelewa.

Wiki ya 5, Ijumaa usiku

Nimerudi Likoni kwa shangazi yangu. Sikukusudia kuandika haya humu, lakini ndiyo sababu ya mimi kuwa kwenye mradi.

Shangazi aliuza mahamri na mbaazi miaka 18 mahali pamoja. Siku moja aliletewa barua na ofisi ambayo siitaji. Aliikunja, akaitia kwenye mkoba wa plastiki anaohifadhia kitambulisho na karatasi za marehemu mjomba, akaweka chini ya godoro. Nilipoisoma mimi, ilikuwa na miezi mitatu. Ilisema kibanda chake kitaondolewa kupisha barabara, na kwamba alikuwa na siku 30 za "kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, la sivyo itachukuliwa kwamba mhusika ameridhia."

Nikamwuliza, "Shangazi, mbona hukuwaandikia?" Alidhani namlaumu. Akasema, "Mwanangu, mimi sina pingamizi na serikali. Sijawahi kuwa mtu wa pingamizi."

Alisoma darasa la saba na kila neno alilisoma sawasawa. Lakini pingamizi kwake ni tabia ya mtu, ni ule ukaidi wa kuwekea wenzako kigingi. Barua ilimwuliza kama yeye ni mtu wa vurugu, naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akajibu kwa kunyamaza. Kunyamaza kukahesabiwa kuridhia.

Leo usiku, akinikaangia samaki, nimemsomea sentensi niliyoitunga kwenye feri: "Hutaki kibanda chako kiondolewe, au unataka upewe mahali pengine kwanza? Una haki ya kutuambia. Tuandikie au njoo utueleze kabla ya tarehe hii. Ukinyamaza, tutahesabu kwamba umekubali." Aligeuza samaki. Akasema, "Ningekwenda."

Wiki ya 6, Jumatatu

Mwalimu amekuja na hoja ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mji huu ndio uliokaribisha mkutano wa 1928 ulioamua Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, na Kimvita kikabaki lugha ya nyumbani na ya mashairi. Anasema kama tunataka barua ziingie masikioni mwa wenyeji wa Mji wa Kale, kwa nini tusiandike wanavyosema: "ndoo" kwa njoo, "ndia" kwa njia? Naliona jambo hilo kwa mapenzi, ni lugha ya bibi yangu. Lakini karatasi ya ubaoni inasomwa pia na Mkamba wa Changamwe, Mjaluo wa Mikindani na Mgiriama wa Kisauni, na "ndoo" kwao ni ya maji. Tumebaki na sanifu kwenye maandishi. Tumekubaliana kwamba yatakaposomwa kwa kipaza sauti, msomaji aseme kama anavyosema nyumbani.

Kijana wa saiba ameleta jambo jingine nisilokuwa nimelifikiria: ujumbe wa M-Pesa. Huduma hiyo ilianza 2007, na leo hata bibi wa nazi anaufungua ujumbe wake mwenyewe bila kumpa mtu simu. Kiasi, jina, siku, saa, salio. Hauna utangulizi. Ametaka ilani yetu ipangwe hivyo hivyo, lililo muhimu juu, na kila kitu mahali pake kila mwaka, jicho lizoee. Tumeipanga upya yote.

Wiki ya 7, Jumanne

Ilani mpya ya leseni, rasimu ya tatu:

"Una duka, kibanda au meza ya biashara? Ni lazima ulipie leseni ya mwaka huu kabla ya tarehe ……. Njoo na kitambulisho na leseni ya mwaka jana. Lipa kwa simu au benki. Usimpe mtu pesa mkononi. Usipolipa hadi tarehe hiyo, …….. Una swali? Muulize …….."

Vidoto vitatu hivyo ndivyo vilivyotukwamisha wiki nzima. Nilimpelekea karani nikidhani atavijaza palepale. "Muda ufaao" ni tarehe gani? Akampigia mkubwa wake. Mkubwa akasema ni mwisho wa mwezi, halafu akasema pengine robo ya mwaka, halafu akasema atauliza. "Hatua zitachukuliwa": hatua gani, na nani? Faini? Kufungiwa? Askari wa kaunti kubeba meza? Kila mmoja pale ofisini alikuwa na jibu lake na hakuna mawili yaliyofanana.

Nimeona kitu ambacho miaka yote ya ufasiri sikukiona. Nilidhani uzito wa sentensi hizi ni mtindo tu, kama tai shingoni. Kumbe mara nyingi sentensi imefungwa kwa sababu uamuzi wenyewe haujafanywa. "Muda ufaao" inakaa pale ambapo hakuna aliyeweka tarehe, na "zitachukuliwa" inakaa pale ambapo hakuna aliyekubali kuwa mchukuaji. Kitenzi cha kutendwa kinampa kila mtu ofisini nafasi ya kuondoka. Ukikigeuza kuwa cha kutenda, lazima mmoja abaki.

Na anayelipa gharama ya uamuzi usiofanywa ni muuza vitunguu. Askari mmoja akija Februari na mwingine akija Mei, wote wawili wako sawa kwa ilani ile, na yeye ana makosa mara zote mbili.

Wiki ya 7, Ijumaa

Tarehe imepatikana. Vidoto viwili vimebaki.

Wiki ya 8, Jumatano

Vyote vitatu. "Usipolipa hadi tarehe hiyo, utalipa faini juu ya ada yako. Meza yako haitachukuliwa kabla hujapewa barua." Karani alipigania sentensi ya mwisho peke yake; sisi hatukuwepo. Jina la cheo cha kuuliza limewekwa, na chumba, na saa za kazi kwa saa za Kiswahili.

Tumerudi Kongowea nayo. "Kesho utafanya nini?" Muuza vitunguu: "Nitafute ile ya mwaka jana kwanza, sijui nimeiweka wapi." Sijawahi kufurahia jibu kama hilo.

Bibi wa nazi ameomba nakala. Karatasi ni kubwa na herufi ni kubwa, ameisoma bila kuipeleka mbali na macho.

Wiki ya 9, Alhamisi

Imebaki barua ya basari, na ndiyo ngumu. Ile ya zamani ilisema: "Tunasikitika kukufahamisha kuwa ombi lako halikufaulu kwa kutotimiza vigezo vilivyowekwa." Mwalimu ameziona barua hizi mikononi mwa wazazi miaka mingi. Anasema mzazi akitoka nazo hudhani mtoto ameanguka mtihani. "Halikufaulu." Mtoto naye akisikia hivyo anaamini.

Tuliuliza vigezo ni vipi. Vipo, vimeandikwa, lakini barua haisemi ni kipi kilichokosekana. Ibara ya 47 ya Katiba inasema mtu ambaye haki yake imeguswa au huenda ikaguswa na hatua ya kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Nilitaka kulisukuma kwa nguvu hilo. Mwalimu akanizuia, akasema tumwachie karani afikirie, yeye ndiye anayekaa na wazazi hao dirishani.

Leo ametuita. Ameandika kwa mkono wake, kwenye karatasi ya mistari, orodha ya sababu ambazo ofisi itaweka alama kwenye moja kabla ya barua kutoka. Hukuleta karatasi ya ada ya shule. Fomu ilifika baada ya siku ya mwisho. Shule haikutia muhuri. Mtoto ameshapata basari nyingine mwaka huu. Huishi katika wadi hii. Kila moja imefuatwa na nini mzazi afanye: rudi na karatasi hiyo, omba tena mwezi fulani, nenda wadi yako.

Ya sita ameiandika, akaifuta, akaiandika tena. Karatasi imechakaa pale. Inasema: "Mtoto wako alistahili. Pesa ziliisha kabla ya kufikia jina lake."

Alituuliza kama inaruhusiwa kuandika hivyo. Mwalimu akamwuliza kama ni kweli. Akasema mwaka uliopita ilikuwa kweli kwa karibu wote.

Jumatatu anaipeleka kwa mkubwa wake kutiwa sahihi, nasi tunakwenda naye.